Mahindi Yaliyoota Kuvu

Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, hapa petu Machakos pakiwamo, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mvua iliwawahi wakulima, wakayahifadhi majumbani yangali mabichi. Sumu ya kuvu hiyo huharibu ini, na kupika hakuiondoi.

Basi tuyaanike mahindi juu ya turubai hadi yakauke barabara, kisha magunia tuyapange juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyokwisha kuota kuvu tuyafukie. Tusimpe ng'ombe, kwani sumu huingia katika maziwa. Wala tusiyatoe sadaka. Tusichokubali kukila sisi, tutamlishaje maskini?