Begi la mgongoni lisiwe hatia kati ya Kilambo na Palma

KWA msafiri anayetoka Mtwara kwenda Pemba, mji mkubwa wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, swali la kwanza ni moja: maji ya Ruvuma yakoje leo? Yakijaa, kivuko cha Kilambo kinaweza kufanya kazi. Yakipungua, abiria huvushwa kwa mitumbwi, na pengine hulazimika kushuka katikati ya mto, viatu mkononi na mzigo kichwani, kutembea juu ya fungu la mchanga huku macho yakiangalia viboko. Ng'ambo ni Namoto, kisha barabara ya vumbi hadi Palma, kisha kama kilometa 80 hadi Mocímboa da Praia, kisha siku nzima nyingine ya kupita Macomia kabla ya ghuba ya Pemba kuonekana.

Kwa miaka mingi njia hii ilijulikana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana kutoka Ulaya na kwingineko, mabegi makubwa mgongoni na vitabu vya mwongozo mkononi, wanaotoka Zanzibar na Mtwara kwenda kuona fukwe za Wimbe, mitaa ya zamani ya Paquitequete, kisiwa cha Ibo, na mbele zaidi Kisiwa cha Msumbiji kilichowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991. Wa pili ni mfanyabiashara mdogo, mara nyingi mwanamke, na begi lake la shangazi kaja: vitenge, sabuni, vyombo vya plastiki na dawa za mbu wakati wa kwenda, samaki wakavu, ng'onda na nazi wakati wa kurudi. Wote wawili walipanda gari moja, lile ambalo Wamsumbiji huliita chapa, linaloondoka alfajiri kabla jogoo hajamaliza kuwika. Walibanwa pamoja, wakala vumbi pamoja.

Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, na yule wa kwanza akaacha kuja. Vitabu vya mwongozo vikaandika onyo, kampuni za bima zikakataa, mambo yakaishia hapo. Msafiri wa starehe ana uhuru wa kubadili ramani. Yule wa pili hakuwa na ramani nyingine. Wateja wake wako Palma, madeni yake yako Palma, na si ajabu kumkuta ana shemeji Palma na mjomba Msimbati.

Yaliyotokea Palma yanajulikana. Tarehe 24 Machi 2021 mji ulivamiwa. Watu walikimbilia msituni, baharini na kwenye rasi ya Afungi, na maduka ya wachuuzi yakaporwa au kuteketea pamoja na mtaji wote. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi. Julai mwaka huo wanajeshi wa Rwanda waliingia Cabo Delgado, wakafuatwa na kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambacho Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokichangia. Mocímboa da Praia ilikombolewa Agosti. Watu wakaanza kurudi Palma kidogo kidogo, na soko nalo likarudi nao.

Mwaka 2025 TotalEnergies na washirika wake walitangaza kuondoa zuio la mradi huo wa takriban dola bilioni 20, unaotarajiwa kutoa tani milioni 13 za gesi iliyosindikwa kwa mwaka. Tangu hapo kila kikao kinachozungumzia Palma kinazungumzia usalama wa mradi. Mhandisi atatua kwa ndege Afungi, mitambo itashushwa kwa meli, na kila mmoja atapokewa na mtu aliyeshika karatasi yenye jina lake. Anayevuka Ruvuma kwa mtumbwi akiwa na begi mgongoni hana anayemsubiri isipokuwa askari wa kizuizi.

Askari huyo naye asilaumiwe kwa kufanya kazi yake. Vita havijaisha; hata mwaka 2025 Mocímboa da Praia ilishambuliwa tena. Miongoni mwa wapiganaji wamekutwa Watanzania, jambo ambalo serikali zote mbili zimelikiri. Mgeni anayezungumza Kiswahili, asiyejua Kireno, aliyebeba mzigo, lazima aulizwe. Tatizo ni kwamba baada ya kuulizwa hana cha kuonyesha kinachomtofautisha na mtu mwenye nia mbaya. Pasipoti inasema ni raia wa wapi. Haisemi kwamba anauza vitenge, kwamba amepita hapo mara nyingi, kwamba soko la Palma linamfahamu. Karatasi hiyo ikikosekana, mazungumzo ya kizuizini huishia mfukoni, na kila mfanyabiashara wa mpakani anajua maana ya neno hilo.

Dawa ya ugonjwa huu imeshajaribiwa jirani tu. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zinazozalishwa katika nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, akajaza fomu fupi na kupita bila ushuru wa forodha. Mama wa Namanga, Busia na Mutukula anakijua. Utaratibu huo una kasoro, na wapo maofisa wanaoukwepa, lakini upo na mtu anaweza kuudai. Ukifika Ruvuma unakoma. Tanzania iko katika jumuiya zote mbili, Msumbiji iko SADC peke yake. Soko huru la SADC lipo tangu 2008, ila taratibu zake za cheti zimeshonwa kwa kipimo cha mwenye kontena. Mwenye debe mbili za ng'onda haoni pa kuingilia.

Hakuna haja ya kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi. Tanzania na Msumbiji, ambazo raia wao hawadaiani viza kwa ziara fupi, zinaweza kukubaliana jambo dogo kwa ajili ya Kilambo na Namoto peke yake: orodha moja ya bidhaa za kawaida, kiwango kimoja cha thamani, fomu moja ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kireno, na kitambulisho cha mfanyabiashara wa mpakani kinachotolewa na halmashauri ya upande mmoja na kugongwa muhuri na utawala wa wilaya ya Palma. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya SADC Agosti 2019. Basi viwango vya ushuru vibandikwe ukutani Namoto kwa lugha hiyo, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye foleni. Kitu ambacho kimeandikwa ukutani ni vigumu kukiongezea sifuri.

Wapo watakaosema mpaka ni mpaka, na kwamba kulegeza sasa ni kukaribisha hatari. Historia ya eneo lenyewe inapaswa kuwatuliza. Ghuba ya Tungi, ambako Palma imekaa, ilidaiwa na Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoiteka mwaka 1887. Kionga, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Palma, ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani kuanzia 1894 hadi Wareno walipoichukua mwaka 1916. Wazee wa wazee wa Kionga walibadilishiwa bendera bila kuhama nyumba. Wamakonde, Wamakwe na Wamwani hawakuwahi kuuchukulia mto kama ukuta, na katika miaka ya ukombozi FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, iliutumia mto huo kama mlango. Watu waliozoea kuvuka watavuka tu. Serikali inachoweza kuchagua ni wavukie mbele ya dawati lake au kwenye mikoko usiku. Kwa anayejali usalama kweli, chaguo hilo si gumu.

Tanzania nayo ina ya kujibu. Mwaka 2021, wakati Palma inawaka, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kuwa maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kutafuta hifadhi walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano. Wengi wao walikuwa wateja na wenyeji wa wafanyabiashara wa Mtwara, na kumbukumbu hiyo haijafutika vibarazani. Kisha Julai 2025 ikaja amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogo, zikiwemo za rejareja na uwakala wa fedha kwa simu. Kenya ililalamika kwa sauti. Palma haina sauti ya aina hiyo, lakini ofisa wa Namoto anasoma habari kama watu wengine. Anayetaka mlango wa jirani ufunguliwe hawezi kuuegemea wa kwake kwa mgongo.

Wafanyabiashara wenyewe wana sehemu yao. Kupita bandari bubu kwa kukwepa ushuru mdogo kunamfanya mtu alale ndani siku ambayo doria imemkuta, na kunamharibia jina mwenzake aliyepita Kilambo kwa halali. Kubeba begi la mtu usiyemjua, hata kwa nauli nzuri, ni kucheza na maisha katika mkoa ambao mizigo imewahi kubeba mauti. Na vikundi vya wafanyabiashara wa Mtwara, ambavyo huamka wakati wa mikopo, vingeweza kuandikisha wanachama wao kwa majina, picha na aina ya bidhaa. Orodha kama hiyo ikipelekwa kwa mkuu wa wilaya na nakala ikavuka mto, kazi ya kutoa vitambulisho itakuwa imeanza kabla serikali hazijakaa mezani.

Vijana wa mabegi makubwa huenda wakarudi siku moja, hali ikiruhusu, na watakuta njia iliyowekwa hai na wengine. Kwa sasa daraja la karibu la kuvuka Ruvuma ni lile la Umoja kule Mtambaswala, mita 720 za zege zilizofunguliwa mwaka 2010, mbali sana na pwani. Mwenye mtaji wa laki mbili akienda kulizungukia, faida yote imeishia kwenye nauli. Atabaki na Kilambo. Dawati moja, maofisa wawili wanaoelewana lugha, na saa za kazi zinazofuata maji ya mto badala ya saa ya ukutani: hayo yanaweza kuwekwa kabla ya masika kuharibu tena barabara ya Namoto.