Amu, Mji Unaokunywa Maji ya Mchangani

Shule zikifungwa swali nyumbani huwa ni moja: mwaka huu tutakwenda wapi? Familia nyingi za mjini hupanda bara, wengine Nyahururu kutazama maporomoko ya Thomson yanayoanguka mita 74, wengine Bogoria kwenye chemchemi za maji moto. Leo safu hii inakuteremsha pwani hadi kisiwa cha Amu. Huko hakuna mlima, hakuna maporomoko, hata mto hakuna. Lakini maji matamu yapo, na jinsi yanavyopatikana ni somo zuri kwa wanafunzi.

Kutoka Mombasa utapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha utavuka kwa mashua. Mji wa kale wa Amu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wageni wengi huona ngome, jumba la makumbusho na punda vichochoroni, wakapiga picha, wakarudi. Wewe usiishie hapo. Wachukue watoto mfuate ukingo wa bahari, kama kilomita 3, mpaka Shela, mkaone vilima vya mchanga.

Vilima hivyo ndivyo tangi la Amu. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa maji na kuyachuja taratibu. Huko chini hutulia juu ya maji ya chumvi, kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Visima vya Shela huteka kutoka tabaka hilo. Yakitekwa mengi kuliko yanayorudishwa na mvua, chumvi hupanda, na kisima kilichoingia chumvi hakiponi upesi.

Ukidhani nakutisha, panda mashua uende Takwa, katika kisiwa cha Manda. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na leo yamebaki magofu ya msikiti, kuta na kaburi la mnara. Sababu inayotajwa sana ni kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi. Watu wake, yasemekana, walivuka wakaja kukaa Shela, na ndiyo maana watu wa Shela wana ada ya kurudi kwenye kaburi hilo kuomba mvua.

Wazee wa Amu walijua thamani ya maji. Katika nyumba zao za mawe utaona birika la kuhifadhia maji ya kuogea, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mtu aliteka kwa kata, akaoga, yakamtosha.

Siku hizi nyumba na hoteli zimeongezeka Shela, na kwa miaka mingi wenyeji wamelalamikia ujenzi unaosogelea vilima. Mgeni naye ana sehemu yake. Usiache bomba wazi kwa kuwa umelipia chumba. Usitupe taka mchangani, wala usiwaache watoto wang'oe mimea inayotambaa huko, maana ndiyo inayoushika mchanga usipeperuke.

Bahari utaiona popote pwani. Ukifika Amu, kabla ya kuondoka, kaa na wanao juu ya kilima kimoja cha Shela uwaeleze wamekalia nini.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema.