Moto ukizimika, tusiusahau udongo

Wahenga walinena kwamba moto huzaa jivu. Kwa kawaida methali hii husemwa juu ya mtoto dhaifu aliyezaliwa na mzazi hodari. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchambua maneno, naona liko swali ambalo methali haikulijibu: jivu nalo huzaa nini?

Nauliza kwa sababu misitu yetu inapoungua, kama ilivyotokea katika Mlima Kenya mwezi Machi 2012 na katika milima ya Aberdare mwezi Februari 2022, sisi huhesabu ekari na miti iliyoteketea. Mvua ikinyesha na nyasi zikachipuka, mjadala nao huzimika. Udongo hauna wa kuusemea.

Wako wanaoshikilia kwamba jivu ni mbolea. Hoja hiyo haikosi ukweli. Jivu lina kalisi, potasiamu na magnesi, nalo hupunguza asidi ya udongo. Ndiyo maana mimea ya kwanza hustawi. Lakini neema hiyo ni ya muda tu. Naitrojeni, ambayo mmea hauwezi kukua bila yake, huanza kugeuka hewa na kupotea joto la udongo linapopita kiasi cha nyuzi 200 za selsiasi. Mboji iliyojilimbikiza kwa miaka mingi huteketea. Aghalabu nta za majani hugeuka mvuke, zikapenya ardhini na kuganda, zikafanya utando usiopitisha maji. Hapo mvua ya kwanza hainywewi na ardhi, bali huporomoka mteremkoni ikibeba jivu, fosforasi na udongo wa juu hadi mitoni.

Iko na hatari isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2023, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu maeneo ya California yaliyoungua mwaka 2019 na 2020. Waligundua kwamba penye miamba iliyojaa madini ya kromi, joto kali liliigeuza kromi isiyo na madhara makubwa ikawa ile yenye sumu iletayo saratani, nayo huweza kupeperushwa pamoja na vumbi. Sisemi kwamba miamba yetu ni sawa na ile. Nasema kwamba asiyepima hawezi kujua.

Jambo hili si la wanamazingira peke yao. Mkazi wa Nairobi afunguapo mfereji, sehemu kubwa ya maji ayapatayo imetoka Aberdare kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Kinachoingia mitoni huko juu hatimaye hubisha hodi jikoni kwake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zinazohusika na misitu na maji zipime udongo baada ya kila moto mkubwa, na mito baada ya mvua za kwanza, kisha matokeo yatangazwe hadharani. Pili, mifugo na majembe yazuiwe kuingia palipoungua mpaka mimea ya asili irejee. Tatu, magogo yalazwe kuukinga mteremko ili udongo usichukuliwe na maji.

Tunaposema "moto umezimwa", kiambishi "-me-" hudokeza tendo lililokwisha timia. Juu ya ardhi huenda ikawa kweli. Chini yake, kazi ndiyo kwanza inaanza, na walipa kodi wana haki ya kuuliza nani anaifanya.