Mjumbe Hauawi, Sensa Isitupwe

"Mashine imesema." Kauli hii ndiyo inayomaliza ubishi kwenye gereji zetu. Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, msimbo unatokea, mwenye gari anatumwa Kariakoo kununua sensa. Nasema wazi: huo si upimaji. Mashine haitaji kifaa kilichokufa. Inasoma tu kile ambacho kompyuta ya gari imekiona kinakwenda kombo, na kazi ya kutafuta sababu inaanzia hapo.

Chukua P0171, msimbo unaowatesa wengi. Maana yake ni kwamba hewa imezidi na mafuta yamepungua kwenye mchanganyiko unaoungua. Habari hiyo imeletwa na sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi. Basi fundi anaihukumu sensa hiyo hiyo, anaing'oa na kufunga nyingine. Lakini huenda kuna mpira uliopasuka unaonyonya hewa ambayo haikupimwa. Huenda sensa ya hewa inayoingia imeshika vumbi, pampu ya mafuta imechoka, au ekzosi inavuja kabla ya kufika kwenye sensa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi tunamuua, tena kwa pesa zetu wenyewe.

Mashine hiyo hiyo, mikononi mwa fundi anayefikiri, ina mengi ya kutoa. Inaonyesha kwa asilimia kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza ili kufidia upungufu. Nyongeza hiyo ikiwa kubwa gari likiwa sailensa, kisha ikashuka ukipandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, shuku hewa inayopita njia ya panya. Ikipanda kadiri injini inavyobebeshwa kazi, elekea kwenye pampu, chujio la mafuta au sensa ya hewa. Dakika chache za kutazama namba hizo zinaokoa pesa nyingi za vifaa.

Baya zaidi ni kufuta msimbo ili taa izime. Ukiufuta, unafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini hitilafu ilipotokea: mwendo, joto na mzigo. Fundi atakayefuata hana pa kuanzia. Na taa ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, kwa magari mengi hilo ni onyo kwamba injini inamisi kiasi cha kuweza kuunguza masega ya ekzosi. Punguza mwendo, egesha mahali salama mapema.

Mafundi hujitetea kwamba sensa hufa kweli. Naam, hufa. Ila kifo chake huthibitishwa. P0135 inapolalamikia hita ya sensa ya oksijeni, mita ya umeme ipo: hita ipimwe, fyuzi ikaguliwe, waya zifuatwe, ndipo pesa itoke.

Lawama nyingine ni yetu wenye magari. Tunalipia kifaa bila kusita, lakini fundi akitaja malipo ya saa moja ya kutafuta tatizo, tunasema anatuibia. Kwa mtindo huo tunamfundisha kubahatisha, kwa sababu kubahatisha ndiko kunakolipa. Tulipie akili na muda wake. Na kabla hujatoa pesa ya sensa, muulize: umepima nini kikakuonyesha kwamba hiki ndicho kibovu? Asiyeweza kujibu bado hajapima gari lako. Usinunue.