Malengo ya Mji Yaandikwe kwa Lugha Tunayoisikia

Najua katika toleo hili wengi wataandika juu ya nidhamu na mihadarati, na wana haki yao. Mimi nimechagua jambo ambalo tunadhani ni la wazee na watu wa ofisini tu: maono ya mji wetu na malengo yake ya kila mwaka.

Dadaab si kijiji cha kupita tu. Kambi zilipoanza mwaka 1991 watu walidhani ni mambo ya miezi michache. Ifo ikafuatwa na Dagahaley na Hagadera, zote tatu zikiwa zimepangiwa watu 90,000 hivi. Kufikia ukame wa 2011 zilikuwa na karibu nusu milioni. Leo wako watu waliozaliwa Hagadera ambao nao wana watoto darasani. Sasa kuna habari ya Dadaab kuwa manispaa, na kuna Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaotaka kambi ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Manispaa ni bodi, ni meneja, ni mipango. Yaani kuna watu watakaoketi na kuandika mji huu unaelekea wapi na mwaka huu utafanya nini. Je, sisi tutajuaje walichoandika?

Sheria haikutusahau. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na Sheria ya Miji ya 2011 inawapa wakazi nafasi ya kujadiliana na kutoa mapendekezo kuhusu huduma. Tena kuna tarehe. Kila mwaka serikali ya kaunti hupaswa kupeleka mpango wa maendeleo mbele ya bunge la kaunti kufikia Septemba 1, ilhali mwaka wa fedha wenyewe huanza Julai 1 inayofuata. Hesabu mwenyewe: miezi kumi. Mama anayetaka kuuliza habari za bomba la maji asingoje Julai, pesa zikishagawanywa. Aulize kabla ya Septemba. Ni wangapi kati yetu waliojua hivyo? Mimi nilijua darasani tulipofundishwa ugatuzi. Sokoni sijaona karatasi yoyote inayosema hayo.

Nimewahi kuhudhuria mkutano mmoja wa kukusanya maoni, chini ya mti. Wageni wenyewe sitawataja. Walikuja na kitabu kinene cha Kiingereza. Wakasoma kurasa mbili nzima, mkalimani akazifupisha kwa sentensi nne za Kisomali, kisha tukaulizwa kama kuna swali. Mzee mmoja akauliza, "Na maji?" Akajibiwa kwamba maji yamo. Yamo wapi? Yamo kitabuni! Watu wakatia sahihi kwenye orodha, wakanywa soda, wakaenda zao. Wallahi soda ilikuwa baridi, sikatai.

Linalonishangaza ni kwamba sisi watu wa mifugo tunajua kupanga kuliko kitabu kile. Kabla ya kuhama, wazee hutuma watu wa sahan, yaani wapelelezi wa malisho. Wakirudi, hawasemi "tutaboresha upatikanaji wa nyasi." Wanasema nyasi ziko mahali fulani, maji ni mwendo wa siku mbili, ng'ombe wa wengine wamekwisha kufika, na kuna ugonjwa au hakuna. Wanahojiwa hadi usiku. Hapo ndipo watu wanapoamua. Na aliyeleta habari za uongo anajulikana kwa jina, bana, hata wajukuu wake wanajulikana.

Hivyo ndivyo lengo la mji linavyotakiwa kuwa. Visima vyetu vyote huteka hifadhi moja ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Merti. Wakimbizi, wenyeji na ngamia wote wanakunywa humo. Kuandika "maji safi kwa wote" ni kuandika dua, na dua ni njema, lakini haina tarehe. Lengo ni kusema kufikia Juni kisima fulani kitakuwa na pampu mpya, kitagharimu kiasi fulani, na atakayeulizwa ni ofisa fulani. Hapo hata msichana wa darasa la sita aliyebeba jerikeni anaweza kutazama na kusema imefanyika au haikufanyika.

Sasa kuhusu lugha. Mwenzangu mmoja aliniambia Kiswahili hapa si lugha ya nyumbani, watu wanasikia Kisomali. Kweli kabisa! Basi kiandikwe Kisomali upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Kambini kuna Waethiopia, Wasudani Kusini na Wakongo, na mjini kuna madereva na wafanyakazi kutoka kila pembe ya Kenya. Hawa wote wakikutana dukani hawaongei kama kile kitabu. Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Watanzania waliizindua Dira yao ya 2050 mwezi Julai 2025, na hata jina lake linaeleweka na mvuvi. Sisi tulikuwa na Ruwaza ya 2030 tangu 2008. Muulize mtu yeyote stendi maana ya ruwaza, utacheka. Mpango wa Shirika una jina zuri la Kiswahili, na naomba Kiswahili kisiishie kwenye jalada.

Ninachodai ni ukurasa mmoja. Malengo ya mwaka, yasizidi kumi, yabandikwe kisimani, msikitini, kwa chifu na kwenye lango la shule. Ikifika Juni ukurasa uleule urudi ukiwa na alama: hili limefanywa, hili bado, na sababu yake.

Ofisi wakisema hawana mtafsiri, chama chetu hukutana kila Alhamisi baada ya masomo. Watuletee hicho kitabu. Kamusi tunazo mbili, na moja bado ina jalada.