TREKTA LETU LA KUKUNJIKA: TUUNDE TUNACHOWEZA KUKITENGENEZA

Maoni ya Kamati ya Zana

Ndugu wanaushirika,

Mkutano mkuu wa wanachama umekaribia, na tunajua jambo litakalozungumzwa sana siku hiyo. Vijana wa karakana wameomba fedha za akiba ili waunde trekta hapa hapa kijijini. Siyo trekta la kawaida, bali trekta la kukunjika kiunoni, linalotumia nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, yaani haidroliki. Wapo waliokwisha sema, "Trekta la vyuma chakavu? Mchezo wa watoto huo!" Na wapo wanaosema tuuze maksai wa ushirika ili fedha zitoshe.

Sisi wa Kamati ya Zana tunasema hivi: trekta liundwe, maksai wasiuzwe, na kila kifaa kitakachowekwa kwenye trekta hilo kipimwe kwa swali moja tu. Kikivunjika katikati ya msimu, tutaweza kukitengeneza wenyewe?

Kwa nini swali hilo? Kwa sababu shida ya kulima hapa kila mtu anaijua. Mvua ikinyesha, wote tunataka trekta siku ile ile. La kukodi linaanza na mashamba makubwa ya kando ya barabara. Likifika kwetu, siku nzuri za kupanda zimekwisha, na mahindi ya kuchelewa mnajua yanavyokuwa. Likiharibika, dereva anapiga simu mjini, nasi tunakaa chini ya mti tukingoja spea. Kumbe tunachokosa siyo chuma peke yake. Tunakosa pia ujuzi wa kile chuma.

KUKUNJIKA MAANA YAKE NINI?

Mmeliona greda linalochonga barabara, na mmeiona ile shovo inayopakia kokoto. Shovo ikikata kona, magurudumu hayageuki peke yake kama ya gari. Mwili mzima unakunjika katikati. Nusu ya mbele na nusu ya nyuma zimeungwa kwa pini nene, na silinda za mafuta zinasukuma upande huu au ule.

Faida kwetu ni tatu. Ya kwanza, hatuhitaji ekseli ya mbele yenye magurudumu ya kugeuka, ambayo ni ngumu kuiunda. Tunaweza kuchukua difu mbili za nyuma za lori chakavu, moja tukaiweka mbele na nyingine nyuma. Ya pili, magurudumu yote manne yanavuta. Nguvu ya kuvuta plau haitoki kwenye injini peke yake. Inatoka pia kwenye uzito ulioko juu ya magurudumu yanayovuta. Trekta linalovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma haliutumii vizuri uzito wake wa mbele, lakini hili la kwetu litautumia wote. Ya tatu, pini ikiwa katikati kabisa ya ekseli mbili, magurudumu ya nyuma yanapita mle mle yalimopita ya mbele. Hapo difu zote mbili zinazunguka sawasawa, hazishindani. Lakini sharti matairi yawe ya ukubwa mmoja na difu ziwe za hesabu moja.

Kiuno hicho kiwe na mikunjo miwili. Mmoja ni wa kwenda kulia na kushoto. Wa pili ni wa kujipinda, ili gurudumu moja likipanda tuta, mengine yasining'inie hewani.

WENZETU WALIKWISHA JARIBU

Jambo hili siyo ndoto. Nchi ya Swaziland, ambayo tangu 2018 inaitwa Eswatini, ilitengeneza katika miaka ya 1970 trekta dogo la nguvu ya farasi 16 kwa ajili ya wakulima wadogo. Waliliita Tinkabi, maana yake kwa lugha yao ni maksai. Injini ilizungusha pampu, mafuta yakapita kwenye mipira, yakaenda kuzungusha magurudumu. Dereva hakusumbuka na gia nyingi.

Huko Marekani, katika jimbo la Missouri, kikundi cha Open Source Ecology kilichoanzishwa na Marcin Jakubowski kiliunda trekta la kujitengenezea, likaitwa LifeTrac. Nalo lilitembea kwa mafuta ya pampu, na lile la kwanza kabisa lilikuwa la kukunjika. Michoro yao waliiweka wazi kwenye intaneti. Vijana wetu wameisoma, na tunawapongeza.

Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kuiga kila kitu ni kingine. Tinkabi na ndugu zake wadogo hawakuenea Afrika kama ilivyotarajiwa. Trekta dogo lilitaka spea na fundi kama lile kubwa, na kwenye udongo mzito likapungukiwa nguvu. Hilo tulikumbuke.

TUSIPOKUBALIANA NA VIJANA

Vijana wanataka trekta letu litembee kwa haidroliki tupu: pampu moja, na mota ya mafuta kwenye kila gurudumu. Wanasema kazi itakuwa nyepesi, maana pale kiunoni itapita mipira tu, hakuna propela. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, sisi tunapinga, na hesabu yetu ni hii.

Pampu ya kawaida ikiwa nzuri, katika kila sehemu 100 za nguvu inayopewa inatoa kama 85. Mota nayo inafanya vivyo hivyo. Basi 85 ya 85 ni kama 72. Zile 28 zimekwenda wapi? Zimegeuka joto ndani ya mafuta. Kila mkinunua lita 100 za dizeli, kama 28 ni za kuchemsha mafuta ya haidroliki! Difu na giaboksi nazo zinapoteza, lakini kidogo zaidi. Tena mota ya mafuta haipatani na vumbi. Chembe moja ya mchanga ikipita chujio inakwangua ndani, na kuichonga upya hapa kijijini hatuwezi. Giaboksi na difu, mafundi wetu wanazifungua kila mwezi.

Kwa hiyo tunapendekeza: trekta litembee kwa injini ya pikapu, giaboksi mbili zilizofuatana, na difu mbili za lori. Haidroliki tuiachie kazi mbili inazozifanya vizuri kuliko chombo kingine, yaani kukunja kiuno na kunyanyua plau. Kazi hizo ni za muda mfupi mfupi, hazichemshi mafuta, na silinda zake tunaweza kuzitoa kwenye tipa chakavu na kuzibadilisha sili wenyewe.

Kwa nini giaboksi mbili? Ya pikapu peke yake ina mbio mno. Tuseme gia ya kwanza inapunguza mara 4. Ukifunga mbili, 4 mara 4 ni 16. Difu ikipunguza mara 4 tena, inakuwa 64. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gurudumu litazunguka kama mara 31. Tairi la upana wa sentimita 80 likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na nusu. Basi trekta litakwenda chini kidogo ya kilomita 5 kwa saa, ambao ni mwendo wa kulima. Ila mjue, mwendo ukipungua, nguvu ya kusokota inazidi. Ndiyo maana tumesema difu za lori. Krosi za pikapu zitakatika siku ya kwanza.

TUSIMPOTEZE MTU

Hapa hatutaki utani. Pale kiunoni ni kama mkasi. Mtu akisimama kati ya magurudumu injini ikiwaka, na dereva akageuza usukani, atabanwa. Kuwe na chuma cha kufungia kiuno, na fundi asiingize hata mkono kabla hakijafungwa. Mtoto asilisogelee.

Mafuta ya haidroliki yakivuja kwenye tundu dogo kama la sindano, yanatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Usitafute uvujaji kwa kiganja, tumia kipande cha mbao. Aliyepigwa nayo aende hospitali saa ile ile, hata kama anaona kidoa tu. Vali ya kupunguza presha isikazwe eti ili trekta lipate nguvu.

Trekta likikunjika kwenye mteremko linaweza kupinduka. Vilima vyetu vya Babati mnavijua. Tunataka fremu ya chuma juu ya dereva, na mkanda. Milimani kwenyewe waachiwe ng'ombe.

MAKSAI WABAKI

Hapo ndipo tunapowajibu wanaotaka kuuza maksai. Jamani, trekta la kwanza la kuunda lazima lisumbue. Mvua haingoji. Siku trekta litakapolala, nani atalima? Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere aliwahimiza wakulima watoke kwenye jembe la mkono waende kwenye plau ya ng'ombe, badala ya kungoja trekta. Yalikuwa maneno ya mtu aliyepiga hesabu. Sisi ng'ombe tunao tayari, halafu tuwauze ili tununue matumaini?

TUNALOOMBA MKUTANO UKUBALI

Fedha zisitolewe mara moja. Kwanza zitoke za difu, kiuno na fremu. Vikisimama na wanachama wakaviona, zitoke za injini na giaboksi, kisha za pampu na silinda.

Kila kipimo na kila kifaa kiandikwe katika daftari la ushirika, pamoja na kilikotoka. Fundi akihama, ujuzi ubaki. Vijana wawili zaidi, mmoja wao msichana, wafundishwe kuanzia siku ya kwanza.

Kabla ya kulima shamba la mtu, tuombe ushauri wa CAMARTEC kule Arusha, ambayo tangu 1981 ina kazi ya kuendeleza na kujaribu zana za kilimo. SIDO nayo ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama karakana yetu. Na trekta lisikanyage barabara kuu mpaka likaguliwe na kusajiliwa.

Msimu wa kwanza lilime shamba la ushirika peke yake. Likifaulu, ndipo tupange zamu, na wajane na wazee wasiwekwe mwisho.

Ndugu, hatusemi kwamba trekta hili litakuwa zuri kuliko la dukani. Halitakuwa. Tunasema litakuwa trekta ambalo likilala Jumatatu, Jumanne tunajua limelalia nini. Hilo peke yake lina thamani ya akiba yetu. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo mkutanoni, asiiache kilabuni.

Ukimaliza kusoma, msomee na asiyeona vizuri.

Kamati ya Zana