Ukishapona, nani atakurudishia uso?

Ndugu msomaji, ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret, ukishavuka Salgaa unafika Sachangwan. Unapakumbuka. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka pale, watu wakaja na ndoo na mitungi, moto ukalipuka wakiwa wamelizunguka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Hao tunawataja kila lori la mafuta likianguka. Lakini aliyenusurika akabaki na makovu usoni, huyo nani anamhesabu?

Moto wa uso hauishi siku unayotoka wodini. Kovu linaendelea kujikunja kwa miezi mingi. Linavuta kope mpaka jicho halifungi hata usingizini, kioo cha jicho kinakauka, na mtu anaweza kupofuka ilhali moto haukugusa jicho lenyewe. Linavuta pembe za mdomo mpaka kijiko hakipiti. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, maana uso unakua na kovu halikui nao. Huyo hatoshi kufanyiwa upasuaji mara moja. Atarudi, na atarudi tena.

Hiyo ndiyo kazi ya upasuaji wa plastiki. Jina tu limetuharibia. Ukilitaja, watu wanafikiria matajiri wanaopunguza tumbo, na wengine wetu tunauliza kama huko si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Jamani! Arfaja bin Asad alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume (s.a.w.) akamwambia aweke ya dhahabu. Dhahabu, ambayo mwanamume amekatazwa kuivaa kama pambo. Hadithi iko kwa Abu Daud na Tirmidhi.

Wala si kazi ngeni kwetu. AMREF, wale madaktari wa ndege, ilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji wa plastiki watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe ndiye aliyetengeneza nyuso za marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

Na si moto pekee. Tafiti za majeraha ya uso Kenya zimerudia jambo lile lile: wengi ni wanaume vijana, na taya la chini ndilo linalovunjika sana. Nenda steji yoyote ya boda boda, uhesabu abiria waliovaa helmeti. Sheria inamtaka mwenye boda awe nayo na abiria aivae, lakini nyingi zinaning'inia kwenye usukani. Taya likiachwa liunge vibaya, meno hayakutani tena, na kulinyoosha baadaye mara nyingi ni kulivunja upya.

Watafiti nina neno nao pia. Msiishie kuhesabu mifupa. Mfuateni mgonjwa mwaka mmoja baadaye mtuambie kama anakula, kama alirudi kazini, kama bado anatoka nje mchana.

Sasa Katiba. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sawa. Lakini dharura ni ule usiku wa kwanza: damu ikomeshwe, pumzi ipite. Hospitali ikishakuokoa, tunaona imemaliza, na uso tunauhesabu kama anasa. Sikubali. Kifungu hicho hicho, 43(1)(a), kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na mtu asiyeweza kufumba jicho au kufungua mdomo hajakifikia.

Afya ni kazi ya kaunti, na bajeti ya kaunti lazima ipitie kwa wananchi. Ukisikia mkutano umeitishwa wadi yako, nenda. Wengi watauliza barabara na maji, na ni haki yao. Wewe uliza hivi: mtoto aliyeungua uso Njoro mwaka huu, upasuaji wake wa pili utafanyika hospitali gani, na nani atalipa? Usikae chini mpaka wajibu yote mawili.